Kibali cha Nyayo Tatu

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kugombana nao, paliishi mama mmoja mdogo sana aitwaye Bi Mchwa. Udogo wake? Chukua punje ya mchele, uikate kati. Nusu hiyo ndiyo Bi Mchwa.

Lakini watoto alikuwa nao! Hata yeye mwenyewe hakujua idadi yao. Wote walikaa chini ya gogo moja lililooza. Mwaka uliopita mvua za masika ziliingia chini ya gogo hilo, zikachukua watoto mia. Na sasa masika yalikuwa yanakuja tena.

"Safari hii najenga," alisema Bi Mchwa. "Najenga nyumba ndefu, maji yasiwafikie wanangu."

Sasa, kule Bonde la Mtopeni mtu hakujenga hivi hivi tu. Ilikuwa lazima apate kibali. Na kibali chenyewe kilikuwa hivi: unatandaza udongo mbichi kwenye kiwanja chako, kisha wakubwa watatu wanakuja kuukanyaga, kila mmoja mguu mmoja. Udongo ukikauka na nyayo tatu ndani yake, basi, jenga, hakuna wa kukuuliza. Wakubwa hao walikuwa Mzee Tembo, mkubwa wa ardhi. Bwana Kifaru, mkubwa wa mipaka. Na Bi Kiboko, mkubwa wa maji.

Bi Mchwa akatandaza udongo, akaenda kwa Mzee Tembo. Ee, wanangu! Alidhani amefika kwenye mlima wenye ngozi. Akatazama juu, akatazama juu zaidi, na bado hakuona uso.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Tembo!"

"Marahaba. Nani anaongea? Ni upepo?"

"Ni mimi, Bi Mchwa, hapa chini karibu na ukucha wako. Naomba uje ukanyage udongo wangu."

"Hilo jambo dogo. Kifaru ameshakanyaga?"

"Bado, mzee."

"Basi akishakanyaga Kifaru, mimi nipo."

Bi Mchwa akaenda kwa Bwana Kifaru, aliyekuwa akinoa pembe yake kwenye jiwe, kwaru, kwaru.

"Bi Kiboko ameshakanyaga?" akauliza Kifaru.

"Bado, bwana."

"Akishakanyaga yeye, nakuja mbio."

Akaenda mtoni. Bi Kiboko alitoa kichwa majini. Bwaaaf!

"Mzee Tembo ameshakanyaga?"

"Amesema anamngoja Bwana Kifaru."

"Na Kifaru je?"

"Anakungoja wewe, mama."

"Aa! Basi tuvumiliane, mwanangu," akasema Bi Kiboko, akazama. Gubu-gubu-gubu.

Mnajua kwa nini? Zamani nyumba ya Nguchiro ilibomoka, na watu wote wakauliza swali moja: "Nani alikanyaga kwanza?" Aliyekanyaga kwanza alikuwa mjomba wake Bi Kiboko. Alichekwa mpaka akahamia mto mwingine. Tangu siku hiyo kila mkubwa alikuwa tayari kukanyaga wa pili, au wa tatu. Wa kwanza, hakuna.

Udongo wa Bi Mchwa ukakauka bila unyayo. Akatandaza mwingine. Nao ukakauka. Akatandaza wa tatu. Ukakauka. Kule milimani mawingu yakaanza kunguruma, nguruuu, nguruuu, na watoto chini ya gogo wakakumbatiana.

Bi Mchwa akawaza. Siku ya nne, saa sita mchana, wakubwa wote watatu walipokutana mtoni kunywa maji, alipanda juu ya unyasi akapaza sauti.

"Wakubwa zangu! Niamulieni ugomvi nyumbani kwangu! Wanangu hawali, wanabishana tu: ni nani mwenye mguu mkubwa kuliko wote?"

"Hilo nalo la kuuliza?" akacheka Mzee Tembo. "Ni mimi."

"Wewe? Wako ni mviringo tu kama sufuria!" akasema Kifaru. "Wangu una vidole vitatu, kila kidole kama mtungi."

"Nyamazeni huko!" akasema Bi Kiboko. "Mimi vinne. Nikikanyaga mtoni, samaki wanahama."

"Mimi mdogo, siwezi kuipima miguu ikiwa huko juu," akasema Bi Mchwa. "Lakini nina udongo laini pale kwangu. Mkikanyaga, tutaona sote."

Wakatazamana.

"Nani atatangulia?" akauliza Tembo polepole.

"Asitangulie mtu! Mimi nitahesabu, nanyi mkanyage pamoja."

Kifaru akakohoa. "Na hao watoto watatazama?"

"Wote, bwana. Hata wagonjwa watabebwa."

Basi wakaenda. Tangu asubuhi watoto walikuwa wameutafuna udongo ule na kuulowanisha kwa mate, mpaka ukawa laini kama unga uliokandwa.

"Moja… mbili… tatu!"

PUUUH!

Ardhi ikatikisika. Ndege wakaruka. Bi Mchwa alirushwa juu, akaanguka chali. Miguu ilipoinuliwa, fyoo, pakawa kimya.

Watoto wakasogea taratibu mpaka ukingoni mwa unyayo wa Tembo, wakachungulia. Lo! Ulikuwa uwanja mzima. Ndani yake kulikuwa na mistari myembamba, imepinda na kukutana kama mito inavyoonekana na ndege aliye angani.

"Mama," akanong'ona mmoja, "hii ni nchi gani?"

"Ni mguu, mwanangu. Mguu mmoja tu."

Bi Mchwa naye akachungulia. Maishani mwake hakuwahi kuona kitu kikubwa namna ile.

"Haya, nani mshindi?" akauliza Kifaru.

"Mzee Tembo," akasema Bi Mchwa. "Wanangu wameona."

Tembo akapunga masikio. Wengine wakanuna. Jua nalo likawaka, na udongo ukakauka, ka, ka, ka, ukawa mgumu kama kigae.

"Ahsanteni sana, wakubwa zangu," akasema Bi Mchwa. "Kibali nimekipata. Watoto, kazi!"

Mzee Tembo akainama. Akahesabu. Moja. Mbili. Tatu.

"Salale! Kidudu kimetuweza!"

"Naupasua udongo huu sasa hivi!" Kifaru akafoka, akainamisha pembe.

"Upasue, bwana," akasema Bi Mchwa kwa upole. "Lakini wanangu wakizama, watu watauliza: ni nani alianza kuupasua?"

Pembe ikasimama hewani.

"Mzee Tembo," akasema Kifaru, "anza wewe."

"Mimi? Aanze Bi Kiboko."

Bi Kiboko alikuwa ameshafika mtoni, amebaki masikio tu.

Basi mchwa wakajenga, chembe juu ya chembe, siku tisa bila kupumzika. Wakatia vyumba, wakatia ngazi, wakatia matundu ya kupitisha hewa. Siku ya kumi masika yakafika. Chwaaaa!

Mzee Tembo alikuja peke yake kwenye mvua, akasimama mbele ya nyumba ile. Wanangu, maisha yake yote wengine ndio walioinua vichwa kumtazama yeye. Siku hiyo aliinua kichwa chake. Akakiinua zaidi. Kilele kilikuwa bado kiko juu.

Akaweka sikio ukutani. Ndani palikuwa pakavu, na mama alikuwa akiwabembeleza watoto wake.

"Bi Mchwa," akasema kwa sauti ya chini, "umeijenga kwa kitu gani?"

"Kwa udongo na mate, mzee."

Tembo alisimama pale, maji yakimtiririka masikioni, akitazama juu.

Nami naishia hapo, wanangu, ila shikeni hili moja: mguu mkubwa haufai kitu kama mwenyewe anaogopa kukanyaga.