Kamongo Waliolala Ukutani

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa ziwa.

Ziwa likawaje?

Likakauka, na ukuta ukapumua.

Bibi, ukuta haupumui!

Basi nyamazeni niwasimulie, na aliye karibu na moto asogeze kuni.

Hapo zamani za kale, huko Mwatope, paliondokea mjane mmoja jina lake Milembe. Alikuwa na binti mmoja tu, Kabula, na kazi yake ilikuwa kufyatua matofali. Alichimba udongo pembeni mwa ziwa, akaumwagia maji, akaukanyaga mpaka ukalainika, ndipo akaujaza kwenye kibao cha kufyatulia. Mafundi wote wa Mwatope walifanya hivyo. Kama udongo una jiwe, au mzizi, au konokono, unyayo uliligundua mapema.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha, ziwa likapungua. Mwaka wa pili haikunyesha, likabaki dimbwi. Mwaka wa tatu haikunyesha, dimbwi nalo likakauka, na tope likapasuka mapande mapande. Mwaka huohuo mchwa wakaiangusha nyumba ya Milembe.

Sasa atajenga kwa kitu gani, na maji ya kukanyagia udongo hakuna? Milembe akaenda katikati ya ziwa, akakata mabonge kwa jembe, makavu vilevile yalivyo, akajengea. Hakukanyaga. Fundi mzima, aibu gani hiyo! Lakini leo tunamshukuru.

Mchana mmoja alikuwa ameegemea ukuta karibu na meko akasikia pumzi. Huu. Kisha sauti, nyembamba na yenye usingizi: "Wewe uliye nje, mvua imefika?"

Akatoka akazunguka nyumba, akidhani jirani anamtania. Hakuona mtu. Aliporudi, ukuta wa mlangoni ukauliza: "Wewe uliye nje, mvua imefika?" Hajatulia, ukuta wa kitandani nao ukauliza: "Wewe uliye nje, mvua imefika?"

"Bado," akajibu Milembe. "Nyinyi ni nani?"

"Sisi ni kamongo. Maji yalipoondoka tulichimba tope, tukajikunja, tukajivika ute wetu mpaka ukakauka ukawa shuka. Tumeacha tundu la kupumulia. Tunangoja."

"Na mnapongoja mnakula nini?"

"Tunajila wenyewe, mama. Tunaanza na mkia, kidogo kidogo. Tutaamka wembamba, lakini tutaamka."

Milembe akaketi chini. Alikuwa amewaona kamongo maisha yake yote, kwenye nyavu na kwenye vyungu, na hakujua kama samaki anaweza kungoja namna ile. Akauwekea ukuta kiganja. Aliogopa, na alifurahi, na machozi yakamtoka bila kujua ni ya lipi. "Laleni," akawaambia. "Mvua bado."

Lakini jambo kubwa halikai kifuani. Milembe akamsimulia shemeji yake, Machibya. Machibya akawasimulia watu wawili, na hao wawili wakasimulia kijiji. Kufumba na kufumbua, wote wako ziwani na majembe.

Wakachimba kaskazini, wakachimba kusini, wakachimba katikati. Kila kamongo waliyemfukua alikuwa ngozi na mfupa, kwa kuwa nyama alikwisha kuila mwenyewe. Hakuna aliyeshiba, na ziwani hakubaki hata mmoja. Milembe alilia sana, maana mdomo uliowamaliza ulikuwa wake.

Ndipo Machibya akakumbuka ile nyumba. Akaja akasema: "Shemeji, vunja ukuta tule." Milembe akasema: "Mvua bado." Akaja tena: "Shemeji, vunja ukuta tule." Milembe akasema: "Mvua bado." Mara ya tatu akaja na jembe begani.

"Shemeji, mtazame mtoto," akasema. "Midomo imempasuka. Unamnyima mwanao kwa ajili ya samaki?"

Siku hizo yeye na Kabula walikuwa wakila ukwaju na mlenda wa porini, na mbavu za mtoto zilionekana zote. Akainuka, akalishika lile jembe. Alitaka kuvunja, tusimsingizie.

Kabula naye alikuwa amelaza sikio ukutani. "Mama," akasema, "ameniuliza kama mvua imefika. Nimemwambia alale, hata mimi nangoja."

Machibya akainama, akaweka sikio lake pale. Akaisikia ile pumzi. Huu. Kisha akaondoka, na jembe akaliacha.

Mvua ikaja. Ikanyesha usiku na mchana, ziwa likajaa, watu wakakimbia na nyavu zao wakishangilia. Wakatupa, wakavuta maji. Wakatupa tena, wakavuta maji. Mara ya tatu walipovuta maji matupu, wakaketi ukingoni na kushika vichwa.

Milembe alikuwa kwake, na mvua inapiga paa. Akalishika jembe, akamtoa Kabula nje, akaupiga ukuta wa meko. Akaupiga wa mlangoni. Akaupiga wa kitandani, na nyumba nzima ikalala chini. Akajitwika bonge lenye kamongo, Kabula akabeba la pili, na njiani wakamkuta Machibya, naye akaenda kulichukua la tatu.

Wakayatumbukiza majini. Tope likayeyuka polepole, shuka likafunguka, na kitu chembamba kikajinyoosha. Kikapanda juu, kikafungua kinywa, kikameza hewa.

"Imefika," Milembe akasema, kabla hajaulizwa.

Kamongo wote watatu wakazama. Watu wa Mwatope wakatundika nyavu mpaka ziwa lilipojaa watoto wa kamongo, na nyumba ya Milembe wakaijenga upya kwa udongo uliokanyagwa. Tangu siku ile fundi wa Mwatope hakati udongo wa ziwa kabla ya kulaza sikio chini na kuuliza kama kuna aliyelala.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, msione nchi imekauka mkadhani haina wenyewe. Pigeni hodi kwanza.

Nami siku ile nilipita nikiomba kitoweo, wakanitwika jembe la Machibya nilirudishe kwake. Mpaka leo bega linaniuma. Hadithi yangu imeishia hapo; iliyobaki imelala ukutani, msiiamshe.