Wajina wa Mtoto wa Mghoi

Sogeeni karibu, nina kesi iliyokosa hakimu.

Palikuwa na wanawake watatu katika hospitali moja ya Taita. Wawuda alijaliwa jicho: aliangalia seli kwenye hadubini akazijua kama unavyojua sura za majirani zako. Mshai alijaliwa subira: alipima vitu vidogo ambavyo hata hadubini ya Wawuda haikuviona. Wakesho alijaliwa mkono: watu walisema akikupasua na kukushona, hata mumeo hataona kovu.

Mghoi yeye alijaliwa sauti. Kila asubuhi alisoma matangazo ya vifo redioni, na alivyolitamka jina la marehemu, hata waliomchukia walivua kofia. Sauti hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake. Basi uvimbe ulipomtokea shingoni, hakuogopa kufa kama alivyoogopa kunyamaza. Wakesho hakumficha: ikiwa ni saratani, tezi yote ya shingoni itatolewa, na neva ya sauti iko jirani mno na kisu. Siku ya upasuaji ikapangwa huku majibu yakingojwa.

Wawuda akatazama nyama iliyofyonzwa kwa sindano kutoka kwenye uvimbe. Seli nyingine zilifanana na za saratani, nyingine hapana. Angesema ni saratani, nani angemlaumu? Lakini yeye, aliyesifika kwa kutokosea, alisema, "Sijui." Wenzake walidhani anatania.

Mshai akaomba masalia ya nyama ile. Alimweleza Mghoi kwamba kila seli ina maagizo yake, ndiyo jeni. Agizo hunakiliwa, na nakala hupelekwa jikoni ikapikwe. Sasa kuna vipande vidogo sana viitwavyo maikroRNA. Havipiki chochote, kazi yake ni kuzishika nakala njiani ili zisisomwe. Vikipungua, agizo la kukua linaweza kupita ovyo, seli zikazaana bila breki. Vikizidi pasipofaa, huweza kuizuia hata breki yenyewe. Mshai alipima, akarudia, hakuridhika, akapima tena. Mwishowe akasema, "Vyako viko kama vya tezi isiyo na saratani. Ila kipimo si mtume, dada. Kinaweza kukosea."

Majibu yalimkuta Wakesho ameshachora mstari wa wino shingoni mwa Mghoi. Angekata, hakuna ambaye angemuuliza. Asipokata na kipimo kiwe kimekosea, lawama zote ni zake. Akaufuta mstari kwa pamba na spiriti. Akamwambia Mghoi awe anakuja kuangaliwa, na uvimbe ukikua, atakata siku hiyohiyo. Haukukua.

Mwaka uliofuata Mghoi akajifungua binti. Katika ukoo wa mumewe, mtoto hupewa jina moja tu, la mtu aliyeiokoa nyumba, na mtu huyo huwa wajina wake na mzazi wake wa pili. Wanawake wote watatu wakaalikwa.

Mume alimtaka Mshai, kwa kuwa ndiye aliyeleta ushahidi. Mama mkwe akamtaka Wawuda: kama asingekiri kwamba hajui, huyo Mshai angepima ya nini? Wakesho alikuwa pembeni na sahani yake, akasema yeye amefuata chakula tu. "Mimi sikufanya kitu."

Neno hilo likamchoma Mghoi. Akavikumbuka vile vipande visivyopika chochote, ambavyo kazi yake ni kuzuia tu. Lakini angemtaja Wakesho, angewatazamaje wale wawili, ambao bila wao Wakesho angekata?

"Jina, mwanangu," mama mkwe akasema. "Watu wanangoja."

Mghoi akamwinua mtoto, akafungua kinywa. Sauti iliyotaja marehemu wote wa vilima vile ikakosa jina la mmoja aliye hai, na watu bado wanangoja.

Mtoto ndiye huyo. Je, wewe ungemwita nani?