Mstari Uliopita Nyuma ya Bakuli

Hapo zamani, na msinitolee macho, sisemi zamani ya sungura na fisi. Nasema zamani ile ambayo mama zenu walikuwa bado wasichana, na Kwadundwa ya kwanza ilikuwa bado inafuka moshi asubuhi kule juu ya kilima. Kaeni vizuri. Wewe mwenye karanga, tafuna taratibu, sitaki kushindana na meno yako. Mwishoni nina swali, na atakayesinzia nitaanza naye.

Kwadundwa ilianzishwa na mtu aliyeitwa Dundwa. Alitoka kusikojulikana, akafyeka pori, akawasha moto, akakaa. Basi pakaitwa Kwadundwa. Ndiyo desturi yetu: mahali hupewa jina la aliyepafungua, si la aliyezaliwa hapo wala la aliyezikwa hapo. Lishikeni hilo, litatusumbua baadaye.

Jamani, palikuwa pazuri! Bi Mwanamvua, mwenye kisa hiki, akianza kupasimulia hamalizi. Kulikuwa na chemchemi chini ya mkuyu, maji yake baridi mpaka meno yanauma. Kulikuwa na kiwanja cha ngoma, udongo wake umekanyagwa ukawa mgumu, mvua ikinyesha watoto wanateleza hapo makalio wazi. Wakati wa mahindi mabichi, ukipita nyumba hii unaitwa, nyumba ile unaitwa, unafika kwenu umeshiba na mama anakugombeza.

Mama yake Mwanamvua hakuishi sana. Alizikwa nyuma ya nyumba, na juu ya kaburi wakaweka bakuli lake la bati lenye ua la buluu, wakalitoboa tundu chini, kama tulivyokuwa tukifanya, ili lisiwe tena la mtu mwingine. Mwanamvua alikuwa bado mdogo. Kila asubuhi akipita na mtungi alisema, "Shikamoo mama," ndipo anakwenda kuteka maji.

Kisha ikaja amri ya watu kukusanywa vijijini kando ya barabara. Watu wakabeba milango, wakabeba kuku, wakabeba hata jina, na kijiji kipya nacho kikaitwa Kwadundwa. Kaburi je? Kaburi halibebeki. Nyumba zikaanguka, pori likarudi, kule juu pakawa mahame.

Miaka ikaenda. Mwanamvua akawa Bi Mwanamvua, magoti yakakataa mlima. Ndipo kijiji kikakubaliana na kampuni moja kupanda mitiki kule kilimani. Mkutano wa kijiji ukaweka sharti: ichorwe ramani ya kompyuta, na kila penye mahame na makaburi pazungushiwe mstari. Ndani ya mstari, trekta lisiguse. Nje ya mstari, jembe.

Bi Mwanamvua akasimama mkutanoni akiegemea fimbo. Akasema, "Mimi sitaki kingine. Nataka mama yangu awe ndani ya mstari." Akakaa chini akilia, na hakuna aliyethubutu kumwambia nyamaza.

Sasa nawaleteeni watu watatu. Wa kwanza ni mzee Semkiwa, ambaye ndiye pekee aliyebaki akiijua njia ya kule juu. Katika ujana wake alimposa Mwanamvua. Mwanamvua akakataa, akaolewa na mwingine, na Semkiwa hakuoa kamwe. Msicheke! Mnacheka nini? Ngojeni yawakute.

Wakampa Semkiwa kile kifaa cha kupimia wanachokiita jipiesi. Wakamwambia, "Babu, zunguka mahame yote. Kila baada ya hatua chache bofya hapa, nukta itabaki." Mzee akapanda. Hatua, bofya. Hatua, bofya. Akapita kwenye mkuyu, bofya. Akapita kiwanja cha ngoma, akasimama kidogo, akacheza peke yake, bofya. Akafika nyuma ya nyumba ya kina Mwanamvua, akaliona bakuli kwenye majani. Hapo akageuka, akarudi alikotoka.

Kwa nini aligeuka? Kwa sababu Kwadundwa tulikatazwa kuzunguka kaburi. Anayelizunguka, walisema wazee, anajiitia la kwake. Semkiwa hakumwambia mtu kwamba hakumaliza mzunguko. Alidhani kila mtu anajua.

Wa pili ni Mwajabu, binti mchoraji, aliyekuwa na kompyuta pale ofisi ya kijiji. Akazimwaga nukta za mzee kwenye skrini, akamwita Bi Mwanamvua akae naye.

"Tazama, bibi. Nukta ni mahali. Mstari ni njia. Mstari ukirudi ulikoanzia unakuwa umbo, kama ua wa nyumba."

"Weka chemchemi, mjukuu wangu."

Mwajabu akabofya, nukta ikatokea.

"Weka njia ya kwenda chemchemi. Siyo hivyo, umeinyoosha mno. Pale tulikuwa tunakata kona, kulikuwa na siafu."

Mwajabu akaishika kona ya mstari kwa kipanya. Akavuta, akaachia. Akavuta, akaachia. Njia ikapinda kama ilivyopinda zamani. Bi Mwanamvua akaweka kidole kwenye skrini, akakitembeza juu ya njia ile polepole mpaka majini. Mwajabu akamwacha, ingawa kioo kilichafuka.

Mwisho akaunganisha nukta za mzee. Akaona upande mmoja uko wazi. Akasema moyoni, babu amechoka. Akabofya kumaliza umbo, na kompyuta yenyewe ikavuta mstari ulionyooka kutoka nukta ya mwisho hadi ya kwanza.

"Mama yumo?" akauliza bibi.

"Yumo, bibi."

Hakuwemo. Ule mstari ulionyooka ulikata nyuma ya nyumba na kumwacha mama wa watu nje. Mwajabu hakujua.

Ramani ikapelekwa mkutanoni. Wee! Ugomvi wa siku hiyo, ukoo huu unavuta huku, ukoo ule unavuta kule. Walipokubaliana, Mwajabu akaapa mbele ya wote kwamba hakuna mstari hata mmoja utakaoguswa bila mkutano. Ramani ikafungwa kwa neno la siri, na neno hilo alikuwa nalo yeye.

Wa tatu ni Masunga, dereva wa trekta, mtu wa mbali, Msukuma. Alikuja na kampuni, hana ndugu hapa. Asubuhi moja alikuwa analima, mstari wa ramani uko kwenye simu ya msimamizi, na msimamizi anatembea mbele akimwonyesha. Twende, twende, twende. Mara Masunga akaona kitu cha buluu kwenye majani. Akazima mashine.

"Vipi tena?" msimamizi akauliza.

"Kuna kaburi."

"Kwenye ramani halipo. Tuko nje ya mstari. Lima."

"Bosi, silimi juu ya mtu."

"Basi kazi huna. Atakuja mwingine kesho."

Masunga akashuka. Akaondoka zake, na ufunguo wa trekta akauacha makusudi mfukoni mwake. Akateremka kijijini akiuliza nyumba hadi nyumba, "Bakuli la ua la buluu ni la nani?" mpaka akafika kwa Bi Mwanamvua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alipomweleza, bibi alipiga ukunga ambao uliwatoa watu majikoni. Semkiwa akaja, Mwajabu akaja. Semkiwa akajipiga paji la uso. "Mimi sikuzunguka! Nani asiyejua kwamba kaburi halizungukwi?" Mwajabu naye akashika kichwa. "Na mimi nilimwambia bibi kwamba mama yake yumo."

Bibi akamshika mkono. "Uvute huo mstari, mjukuu wangu. Uvute kama ulivyovuta ile njia."

"Siwezi kuuvuta kwa kubahatisha, bibi. Picha ya kutoka angani inaonyesha pori tupu. Lazima mtu apite nyuma ya kaburi aniletee nukta. Na hata nikizipata, niliapa."

Mkutano usingeweza kuitwa siku hiyo, na kesho lingekuja trekta jingine na dereva mwingine.

Semkiwa akamtazama Mwanamvua, akachukua jipiesi, akaondoka bila kuaga. Alipofika kule juu akavua ndala. Akasema, "Shikamoo mama mkwe," maneno ambayo hakuwahi kupata ruhusa ya kuyasema. Kisha akapita nyuma ya bakuli. Hatua, bofya. Hatua, bofya. Hatua, bofya, mpaka akarudi pale alipoanzia siku ile ya kwanza, na kaburi likawa limezungukwa.

Jua lilikuwa halijazama alipoziweka nukta mezani kwa Mwajabu. Mwajabu akaandika neno la siri, ramani ikafunguka. Akaongeza kona mpya kwenye mstari ule ulionyooka. Akavuta, akaachia. Akavuta, akaachia. Mstari ukapita nyuma ya bakuli. Akasevu, akaituma kwenye simu ya msimamizi.

Asubuhi dereva mpya akaja na ufunguo mwingine. Msimamizi akafungua simu, akaona mstari umehama, akakuna kichwa, akamwambia apite mbali. Basi mitiki ikapandwa pande zote, na pale katikati pakabaki.

Lakini hayakuishia hapo. Mwajabu alikwenda mwenyewe mkutanoni akasema, "Niligusa mstari." Watu wakawaka. "Kama umegusa huo, utatuambiaje kwamba hukugusa mwingine?" Kazi ikaisha, na mpaka leo wapo wasiomsalimia. Semkiwa mwezi haukuisha akaanguka, upande mmoja wa mwili ukafa. Watu wa zahanati wanasema ni presha, yeye anasema ni kaburi. Bi Mwanamvua humpelekea uji kila asubuhi na kumnywesha. Masunga akakaa bila kazi, akawa anachoma mkaa kando ya barabara.

Na Bi Mwanamvua? Alipandishwa juu kwa pikipiki, magoti na yote. Akakaa karibu na lile bakuli. Alisema ile salamu yake, akatega sikio kana kwamba anangoja aitikiwe. Kisha akalia kilio kirefu, kilio cha mtu aliyechelewa kurudi nyumbani. Aliniambia harufu ya udongo ilikuwa ileile.

Haya, sasa shida yenyewe. Ofisa wa ramani kutoka wilayani alikuja na kusema, "Bibi, umbo lenu lile halina jina. Kwadundwa mmeshalitumia huku barabarani, ramani haikubali mara mbili. Na umbo lisilo na jina, siku moja mtu anayesafisha ramani atadhani ni kosa la mchoraji, atalifuta. Litie jina. Moja." Mkutano ukasema Bi Mwanamvua ndiye achague, na achague kwa desturi: jina la aliyepafungua. Dundwa alipafungua mara ya kwanza. Mara ya pili, kwa kupaokoa na jembe, ni nani?

Semkiwa akasema akiwa kitandani, ulimi mzito, "Paitwe Kwasemkiwa. Mguu ndio uliofungua. Bila nukta zangu huyu binti angechora nini, na kusimama kwa yule dereva kungefaa nini? Nilifanya nililokatazwa na baba zangu, na malipo yake mnayaona hapa kitandani. Sina mtoto. Nikifa, jina langu limekufa."

Mwajabu akasema, "Paitwe Kwamwajabu. Mguu ulipita, lakini majani yameshaufunika. Kinacholizuia trekta ni mstari, na mstari niliuvuta mimi. Nilivunja kiapo changu mbele ya watu walioniamini. Nimeandika majina ya mito yenu, mashamba yenu, hata vichuguu vyenu. Langu haliko popote."

Masunga akasema, "Mimi ni mgeni, lakini naambiwa Dundwa naye alikuwa mgeni. Hawa wawili walikosea, mimi nikasimama. Nisingesimama, mngekuwa mnachora mstari kuzunguka matuta. Kwetu kaburi la mama yangu lililimwa pamba juu yake nikiwa mtoto. Nimekwenda mara nyingi, sijui nisimame wapi. Naomba mahali pamoja tu duniani paitwe kwa jina letu."

Naona mwenye karanga ameinua mkono. Unasema aunganishe yote matatu? Kwasemkiwamwajabumasunga? Hebu liite hilo ukiwa na ndoo kichwani! Na huko nyuma nasikia, "Semkiwa, kwa sababu ya mapenzi." Tangu lini mapenzi yakaandikwa kwenye ramani? Haya, na wewe unayesema Mwajabu, kesho akigusa mstari wa shamba lenu utamtetea?

Bi Mwanamvua ameniambia mwenyewe, jana, tukipepeta mchele. "Nikimtaja mmoja, wawili nimewazika. Nisipomtaja yeyote, watamfuta mama." Ofisa anarudi Ijumaa na kompyuta yake. Atalifungua lile umbo, mistari yote iko mahali pake, chemchemi ipo, kona ya siafu ipo, na kile kisanduku cha jina kitupu kinangoja. Bibi atakaa pale, na kidole chake juu ya njia ya majini.

Basi semeni, nyie mliosikia yote. Je, nani alipafungua?