Kwa Nini Mkono wa Maiti Hukawia Kuachia

Jana, tulipokuwa tukimwosha babu yenu, Nakunda alijaribu kuukunjua mkono wake ukagoma. Akaniuliza, "Bibi, mbona Babu ameng'ang'ania shuka hivi? Hataki kwenda?" Mama yake akamkanya. Mimi sikumkanya, ila sikuwa na nguvu ya kumjibu. Leo ninayo kidogo. Sogeeni hapa. Na huo uji, Mama Nakunda, uweke pembeni. Nimesema tangu jana kwamba sitaki.

Kale sana, nyama ya mwanadamu haikuwa na nyuzi. Ilikuwa donge moja laini kama unga uliokandwa, na mifupa imelala ndani yake bila kazi. Muumba alikuwa amekwisha kuwapa watu Pumzi, kwa hiyo walizungumza, walicheka, walipendana. Lakini hakuna aliyeweza kuinua hata kidole. Mtu aliishi pale alipowekwa, akila kilichomwangukia karibu na mdomo.

Juu ya korongo moja huku milimani walilala mume na mke, Kireti na Naetwe. Walizoea kutaniana. "Umeamkia wapi leo, baba?" Naetwe huuliza. "Nimetoka matembezini," hujibu Kireti, "miguu inaniuma kweli." Hivyo ndivyo walivyopitisha siku zao.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha bila kupumzika. Udongo ukalegea, na Kireti akaanza kuteleza kuelekea korongoni, taratibu, kama mtu anayevutwa akiwa usingizini. Naetwe alimwona akienda, na mkono wake mwenyewe umelala ubavuni kama gogo.

Akalia, "Ee Muumba, siombi mbio, wala siombi kucheza ngoma. Nipe cha kumshikia tu."

Muumba alisikia. Akalichambua lile donge likawa nyuzi nyembamba, kama tuchambuavyo katani. Uzi wa kwanza ulipomwona Kireti ukasema, "Mzigo wote ule? Avute yule mnene." Yule mnene naye akasema ana mafua. Ndipo Muumba alipozifunga nyuzi hizo matita, kila tita ndani ya ngozi nyepesi, matita madogo ndani ya makubwa, na ncha zake akazikaza kwenye mifupa kwa kano nyeupe.

"Hakuna atakayevuta peke yake," akasema. "Na kazi yenu ni kuvuta. Kusukuma sikuwapa."

Nyuzi zikauliza, "Sasa mkono ukishakunjwa, nani ataunyoosha?"

"Ndugu zenu wa upande wa pili."

Basi akaweka kundi moja mbele ya mkono na kundi jingine nyuma. Akamfanya Pumzi msimamizi wao, awaitie kazi na kuwagawia posho.

Mmeona msaragambo, kijiji kizima kikikusanyika kusimamisha nguzo ya nyumba. Kamba ya huku ikivutwa, ya kule hulegezwa, la sivyo nguzo haiendi. Zile nyuzi hazikulijua hilo. Pumzi alipowaita wa nyuma waunyooshe mkono, na wa mbele nao wakavuta kwa bidii yao yote. Mkono ukakakamaa, ukatetemeka, usifike popote. Kireti akateleza tena. Sasa miguu yake ilikuwa inaning'inia korongoni.

"Ninyi wa mbele, achieni!" Pumzi akapaza sauti.

"Tuachie? Tuitwe wavivu?"

Muumba akawaambia, "Kuachia nako ni kazi, tena kuna posho yake. Mpe kila mmoja, Pumzi."

Wakala, wakaachia. Mkono wa Naetwe ukanyooka kwa mara ya kwanza, vidole vikakamata kifundo cha mkono wa mumewe. Kisha wa mbele wakavuta na wa nyuma wakaachia, na Kireti akapanda kutoka ukingoni, matope mwili mzima, akicheka na kulia.

Waliishi wakazeeka. Kireti alikufa akiwa amemshika mkewe mkono. Pumzi akaondoka na mwito wake, na posho ikakoma. Nyuzi zikabaki zimeshikilia, za mbele na za nyuma, kwa kuwa hazikuwa na cha kuziwezesha kuachia. Majirani walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi, wakataka kuvivunja vidole vile.

"Msimvunje," Naetwe akasema. "Si ukaidi huu. Amekosa posho tu."

Akakaa naye, mkono ndani ya mkono, akimwombea. Wala hakuvuta. Nyuzi zilipochoka zenyewe, vidole vikafunguka kimoja baada ya kingine, na ndipo Naetwe akaruhusu mumewe azikwe.

Na tangu siku hiyo mwili wa maiti hukakamaa, kisha hulegea. Ndiyo sababu huku kwetu mwoshaji halazimishi kiungo. Hukikanda kwa maji ya vuguvugu, akimwita marehemu kwa jina lake, akingoja.

Babu yenu ndiye aliyekuwa akipiga mwito wa msaragambo kijijini hapa, na nguzo ya nyumba hii ilisimama kwa sauti yake. Asubuhi nimeingia kumtazama. Ameachia shuka, Nakunda. Ameliachia kabisa, na mkono wake umelala vizuri. Mchana Mungu akipenda tutamsindikiza.

Mimi mkono wangu bado umekaza, nao unataka posho. Mama Nakunda, hebu ulete ule uji.