Sikio Likishiba, Kalamu Hulala

"Sikio likishiba, kalamu hulala." Methali hii ilianza hivi, wala haikuanza kwa wahenga wa kale kama wengi wanavyodhani. Ilizaliwa shuleni, mchana kweupe, na wako watu wanaokula ugali wao hadi leo ambao baba zao walikuwapo dirishani.

Walioiuliza ni vijana wa bendi. Mwalimu wao alikuwa akiwasikiliza mmoja mmoja ili awape alama za muhula, na alipofika kwa msichana mmoja akasema maneno hayo, akamwita mwingine. Vijana wakaenda kwa Bibi Enesia Sempombe, aliyetunza funguo za stoo ya vyombo vya bendi kwa miaka zaidi ya ishirini. Bibi huyo hapendi kuulizwa jambo na mtu aliyesimama.

"Kaeni kwanza," aliwaambia. "Hadithi haimiminwi kwenye chombo kinachotembea."

Walipokaa, akawasimulia.

Miaka michache kabla ya Uhuru palikuwa na shule ya kati mahali paitwapo Kwemkunde, chini ya milima ya Usambara, mashamba ya mkonge yakiizunguka pande tatu. Shule ya kati ilikuwa ya darasa la tano hadi la nane, na mtoto akifaulu kuingia huko, kwao alichinjiwa kuku. Kwemkunde ilikuwa na jambo jingine la kujivunia, nalo ni bendi ya matarumbeta.

Bendi hiyo aliianzisha Mwalimu Erasto Mntambo. Alikuwa amepuliza tarumbeta katika Keya, jeshi la wakoloni, akafika vitani Bama, huko Asia, akarudi na goti linalouma siku za baridi na imani moja isiyotikisika: jambo lisilofanywa sawasawa ni afadhali lisifanywe kabisa. Kanuni zake alizipaka kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa stoo. Chombo king'ae. Kucha ziwe fupi. Asitafune mtu muwa siku ya kupuliza. (Hiyo ilikuwa na sababu yake, maana siku moja kapi la muwa lilitolewa ndani ya tarumbeta kwa kijiti, na mwenyewe alitaniwa hadi alipooa.) Kila siku nusu saa ya mazoezi nyumbani, na mzazi atie sahihi kwenye kadi. Chini kabisa, kwa rangi nyekundu, aliandika: Chini ya sabini, rudisha chombo.

Nyekundu hiyo haikuwa mzaha. Vyombo vilikuwa kumi na tisa, na wavulana waliojiandikisha kuvingojea walikuwa arobaini. Aliyerudisha chombo alingoja hadi mwaka unaofuata, na kama alikuwa darasa la nane, basi tena.

Siku ya mtihani kila mwanafunzi aliingia chumbani akiwa na alama mia. Hakupewa na mtu, alizikuta. Kazi ya kalamu ya Mwalimu ilikuwa kuzipunguza. Kuchelewa na kadi vilikuwa na bei yake, lakini kila kosa la kupiga lilikuwa mkwaruzo mmoja, na kila mkwaruzo ulikula alama tatu. Nibu ya kalamu ile ilikuwa kuukuu, na ilipopita kwenye karatasi ililia kwaruu, ikasikika hadi dirishani walikochungulia wenzake. Wavulana walipiga sikio moja likiwa kwenye wimbo na jingine kwenye kalamu. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuisikia. Nani husikia mkoromo wake?

Msimwone mkatili. Mtoto wa jumbe na mtoto wa mkata mkonge walikwaruzwa sawa. Mpwa wake mwenyewe alimpa sitini na nane, na dada yake hakumsemesha tangu mavuno hadi Pasaka. Mwalimu Mntambo aliumia, lakini alilala usingizi. Aliamini kwamba mtu akishika kalamu kwa haki, basi amesikia yote yaliyopo ya kusikia.

Sasa, mwaka huo darasa la nane alikuwapo mvulana aitwaye Yosia Kiondo. Yeye alipewa tarumbeta la besi, lile kubwa kuliko yote, lililobonyea ubavuni, ambalo wenzake waliliita Pipa. Hakuna aliyelitaka. Wenye matarumbeta madogo walikuwa na wimbo. Mwenye Pipa alikuwa na pu, kisha anyamaze, kisha pu tena. Kiondo alilibeba kichwani kila jioni, maili tatu, hadi kambi ya mkonge alikoishi na bibi yake. Asubuhi alilirudisha vilevile.

Siku ya mtihani alichelewa. Mwalimu Mntambo, akiwa amekaa mezani na saa yake, akampunguzia tano kabla hajapumua. Kisha akaomba kadi ya mazoezi. Kadi ilikuwa imejaa alama nyeusi za dole gumba, moja kwa kila siku.

"Hii ni nini?"

"Ni bibi, Mwalimu. Hajui kuandika. Anachovya kidole kwenye masizi ya chungu."

"Kanuni inasema sahihi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Masizi si sahihi. Nitajuaje kama si dole lako?"

Kwaruu. Kumi na tano zikaenda. Sasa alikuwa na themanini, na kila mtu dirishani alijua hesabu: mikwaruzo mitatu angevumilia, wa nne ungempokonya Pipa, naye yuko darasa la nane.

"Piga wimbo wa kuaga," Mwalimu alisema, "sehemu yako peke yake."

Wimbo wa kuaga ndio uliopigwa na bendi kila shule ilipofungwa. Kila mtu Kwemkunde aliujua, mpaka wapishi. Mwalimu akachovya kalamu, akaielekeza kwenye karatasi, akasubiri kosa la kwanza. Kwa besi huwa halichelewi.

Kiondo akavuta pumzi, akapuliza. Sauti ilitoka chini, nzito na laini, ikakaa kadiri ilivyotakiwa kukaa, ikaondoka. Akanyamaza. Akapuliza ya pili. Akanyamaza tena. Na katika kunyamaza kule, wanangu, Mwalimu Mntambo akasikia wimbo ukipita.

Aligeuza shingo kutazama nani amepiga. Hapakuwa na mtu. Chumba kilikuwa na meza, yeye na mvulana mwenye Pipa. Lakini wimbo ulikuwapo wote, sauti ya juu na sauti za kati, kila moja mahali pake, ingawa hakuna aliyezipiga. Kiondo alikuwa anazipisha. Kila alipomaliza sauti yake, aliacha nafasi iliyo sawasawa na upana wa sauti za wenzake, na sikio la msikilizaji likaijaza lenyewe. Mwalimu aliwahi kusimama katikati ya bendi ya watu sitini huko jeshini, lakini hakuwahi kusikia bendi kubwa kama ile ya mtu mmoja. Nywele za mikono zikamsimama. Alishikwa na hofu, lakini hofu ya namna ile mtu asiyotaka imwachie.

Huko nje mpishi wa shule, mama aliyekuwa akichambua maharagwe, alianza kuimba maneno ya wimbo bila kujijua. Wavulana dirishani wakasahau kuhesabu. Kisha mmoja wao akashtuka, akatega sikio, akamnong'oneza mwenzake: "Kalamu imelala!"

Kiondo alipomaliza, Mwalimu Mkuu Shemhilu alikuwa amesimama mlangoni. Sauti ilikuwa imemtoa ofisini.

"Huyu umempa ngapi?" aliuliza.

Mwalimu Mntambo akatazama karatasi. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja tangu wimbo uanze. Wino ulikuwa umekaukia kwenye nibu.

"Sijui," alisema.

"Hujui vipi? Si themanini hizo? Karatasi safi."

"Ni safi kwa sababu sikuandika. Sikuandika kwa sababu sikuwa nasahihisha. Sikuwa na habari na makosa, Mwalimu Mkuu. Huenda yalikuwapo."

"Basi mpe tu."

"Sitoi alama nisizozijua. Mpwa wangu sikumpa." Akamgeukia Kiondo. "Piga tena. Safari hii nitaandika."

Mnaona alivyokuwa? Ameonjeshwa asali, bado anataka kumhesabu nyuki miguu.

Kiondo alijifuta midomo, akaanza tena. Sauti ya kwanza ilikuwa ileile. Kwenye ya pili alitupa jicho mezani, akaiona kalamu iko hewani, na sauti ikatoka imechelewa kidogo. Kwaruu. Ya nne ikatoka nyembamba. Kwaruu. Wimbo uliokuwa umejaa chumbani ukaondoka, ikabaki pu, na pu, na pu. Mvulana alikuwa anatoka jasho. Hakuwa akiwapisha wenzake tena. Alikuwa akiisubiri kalamu. Kwaruu, mara ya tatu.

Zilibaki sabini na moja. Mpishi alikuwa amenyamaza. Arobaini waliokuwa wakingojea vyombo, ambao mmoja wao angepata Pipa Kiondo akianguka, walishika nondo za dirisha wasipumue, na hakuna hata mmoja aliyeomba aanguke.

Sauti iliyofuata ilitetemeka. Lilikuwa kosa, halina ubishi. Mwalimu Mntambo akashusha kalamu, nibu ikagusa karatasi, na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, akaisikia. Ilikuwa bado haijaandika, imeanza tu kuparuza, lakini aliisikia, akaona mabega ya mvulana yakipanda kwa sauti ile kama mabega ya mtu anayengoja kiboko. Akayaona mabega ya mpwa wake. Akawaona wote aliowasikiliza, mwaka baada ya mwaka, na akajua kwamba hakuwahi kumsikia hata mmoja wao. Alichosikia miaka yote ni watoto wanaoogopa kalamu.

Aliiweka kalamu mezani. Akaona haitoshi, akasimama, goti likamuuma, akaenda hadi ukutani, akaipa meza mgongo na kufumba macho.

"Endelea, baba," alisema.

Hakuwahi kumwita mwanafunzi baba.

Kiondo alivuta pumzi. Kisha akapuliza, akaacha nafasi, na wimbo ukarudi. Ulirudi polepole, kwanza sauti ya juu, halafu za kati. Mpishi akaupokea huko nje, na safari hii wavulana arobaini nao wakaupokea kwa kuvumisha midomo imefungwa, na Mwalimu Mkuu Shemhilu, ambaye hakuwa mtu wa nyimbo, akavua kofia. Mwalimu Mntambo alilia akiwa ameuelekea ukuta. Hakufuta machozi, maana hakukumbuka kwamba ana mikono.

Wimbo ulipokwisha aliuliza bila kugeuka: "Nani alikufundisha kupiga hivyo?"

"Hakuna, Mwalimu. Kule kambini napiga peke yangu. Nikawa nawaachia wenzangu nafasi zao, ili nikija hapa nisiwakanyage."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mwalimu. Bibi alikuwa anaimba juu yake."

Mwalimu Mkuu akakohoa. "Sasa Mntambo, tuandike nini? Karatasi yake ina mikwaruzo mitatu. Sabini na moja?"

Mwalimu Mntambo akarudi mezani. Akachukua karatasi mpya, juu yake akaandika jina lake mwenyewe, Erasto Mntambo, na chini ya jina hilo akachora mikwaruzo mitatu, mmoja mmoja, kwaruu, kwaruu, kwaruu. Halafu akauchora wa nne.

"Makosa haya ni yangu," alisema. "Yalitoka kwenye kalamu, hayakutoka kwenye Pipa. Mtoto hajapoteza kitu kwa kupiga. Kaa na chombo chako, Kiondo."

"Na ofisi ya elimu wakiuliza kwa nini mikwaruzo ile haikumkata alama hata moja?"

"Waambie sikio likishiba, kalamu hulala."

Maneno hayo yalitoka dirishani na wavulana arobaini kabla ya kengele ya chakula. Yakafika kambini kwa bibi wa Kiondo, yakapanda milimani na wauza mboga. Siku hizi fundi akileta mlango uliochongwa ukachongeka, mteja aliyekuja na maneno mdomoni huyasema. Mama mkwe aliyekuja kuonja mchuzi wa mke wa mwanawe huyasema, akiwa mkweli.

Lakini msiyasemee uvivu. Kuna kalamu inayolala kwa sababu mwenyewe anasinzia, na hiyo haina methali. Mwalimu Mntambo aliendelea kufundisha miaka kumi na mmoja, na kanuni zake hazikufutwa mlangoni. Kucha zilikaguliwa na miwa ilikatazwa. Ila kila mtihani aliingia bila kalamu, akakaa kwanza na mikono mitupu magotini, akasikiliza wimbo hadi mwisho. Ndipo alipotoka kwenda kuitafuta. Na ziko siku, waliokuwapo wanasema, alitoka akafika kwenye ua wa shule, akasimama, asikumbuke alichotoka kufuata.

Sikio likishiba, kalamu hulala.