Sambusa ya Siwema

Hadithi hii aliisimulia kwanza shangazi yangu Mwanahawa, hapa Muheza, Idi ya mwaka 2014. Wapo wanaosema 2015. Wanakosea, mwaka huo shangazi alisalia Idi Pangani.

Alianza hivi.

Hapo zamani, ila si zamani sana maana kadi za bima zilikwishakuwepo, palikuwa na mtoto wa miaka sita, Siwema. Mikono yake haikumtii. Kifungo hakifungi, kijiko hakifiki mdomoni. Na mwalimu mkuu alikwishasema: asiyeweza kula na kuvaa mwenyewe, Januari hatampokea.

Mhina, mtaalamu wa tiba ya vitendo, kazi yake ni kufundisha mikono kama hiyo kula, kuvaa na kuandika. Akasema, "Nipeni miezi sita." Hidaya, mama yake Siwema, hakuweza kulipia hata mwezi mmoja. Alichokuwa nacho ni kadi ya bima ya kazini.

Akaenda ofisi ya bima Jumatatu. Dirishani wakamwambia, "Mazoezi hayalipiwi." Mhina akaandika barua kwamba si mazoezi, ni tiba. Akarudi Jumatatu. "Barua haina muhuri." Akarudi Jumatatu. "Muhuri hausomeki." Akarudi Jumatatu, wakasema watamtuma mkaguzi nyumbani amwone mtoto.

Bi Mwanjaa, mama yake Hidaya, aliposikia mgeni anakuja, akamwogesha mjukuu, akamvika gauni la Idi, akamfunga vifungo vyote kumi na kimoja, akamlisha mapema, akamkalisha mkekani mikono mapajani. Mkaguzi, Bwana Shemdoe, akala sambusa tatu za bibi, akaandika: "Mtoto nadhifu. Hana tatizo."

"Mama, umetuponza," Hidaya akasema.

"Ulitaka nimwonyeshe mgeni aibu?"

"Nilitaka umwonyeshe mtoto."

Akarudi Jumatatu, akakata rufaa. Mhina akaandika ripoti upya, kurasa nne, kila jambo linalomshinda Siwema na dakika anazotumia kulijaribu. Bwana Shemdoe akatumwa tena.

Safari hii Bi Mwanjaa hakufunga kifungo hata kimoja. Akasema, "Siwema, mpelekee mgeni uji." Siwema akafurahi, kwani siku zote alikatazwa. Bakuli likaenda kulia, likaenda kushoto, likatua mapajani mwa Bwana Shemdoe. Bi Mwanjaa hakuinuka.

Mkaguzi akatazama suruali. Akatazama mikono ya mtoto ikijaribu kumfuta, inafuta hewa. Akaandika: "Ilipiwe. Nimeshuhudia." Kisha akauliza, "Bi mkubwa, mbona uji wenyewe umepoa?"

"Umechelewa kuja, mwanangu."

Alikuwa amewahi nusu saa.

Siwema akatibiwa, na Januari akaingia shule. Idi iliyofuata akakunja sambusa peke yake, pembe tatu, isivuje hata kidogo. Ilikuwa moja tu, na waliokaa mkekani ni wanne.

"Ni yangu," Hidaya akasema. "Jumatatu tano nimesimama dirishani, mpaka mlinzi akanipa kiti chake."

"Ni yangu," Mhina akasema. "Bila ripoti yangu mkaguzi asingerudi. Na mikono hiyo nani kaifundisha?"

"Ni yangu," akasema Bwana Shemdoe, aliyealikwa kama fidia ya suruali yake. "Ningeweza kuandika kwamba nimemwagiwa uji, nikaenda zangu."

Bi Mwanjaa akacheka. "Wewe umesimama, wewe umeandika, wewe umeloa. Mimi nilikaa nikamtazama mjukuu wangu akishindwa mbele ya mgeni. Nani kati yenu anaujua uzito wake?"

"Lakini mama, wewe ndiye uliyeharibu mwanzoni."

"Ndiyo maana naujua."

Siwema akaishika sambusa kwa vidole vitatu, kama alivyofundishwa, akawatazama mmoja mmoja.

Shangazi aliishia hapo, na jibu hakulitoa mpaka alipofariki mwaka 2018. Bi Mwanjaa alimfuata mwaka mmoja baadaye. Hidaya, Mhina na Bwana Shemdoe wangali hai na kila Idi wanabishana upya. Siwema naye yu hai, ila akiulizwa hutabasamu tu, akaendelea kukunja. Basi semeni ninyi: sambusa ile alistahili nani?