Fundi Madi na Boriti za Safu ya Tatu

Habari hii niliipokea kwa mwalimu wangu, naye aliipokea kwa mwalimu wake, nami nawapa kama nilivyopewa, sikutia chumvi. Wanasimulia kwamba katika mji mmoja wa mwambao palikuwa na fundi seremala, jina lake Madi bin Shee, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa swala na saumu, mwepesi wa sadaka, na watu walimwita Madi Mkweli. Msianze kunitazama hivyo, kana kwamba mmekwisha kujua kisa kinakoelekea. Kuitwa mkweli ni mtihani, tena mtihani mzito, na ndio huo uliomfika.

Fundi Madi ndiye aliyepanga boriti za dari ya msikiti wa Ijumaa. Juu ya boriti palitandazwa mawe na chokaa, ikawa sakafu pana. Desturi ya mji ilikuwa hii: ikifika ishirini na tisa Shaabani, jua likikaribia kuzama, watu hupanda juu ya sakafu ile kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Hapana aliyetaka kubaki chini. Walisongamana bega kwa bega, na watoto mabegani mwa baba zao.

Mwaka mmoja, siku hiyohiyo, baada ya swala ya alasiri, Fundi Madi alibaki msikitini peke yake akivuta uradi. Akasikia harufu. Haikuwa ya popo wala ya jamvi lililoloa, ilikuwa kama ya uyoga. Akainua macho. Juu ya safu ya tatu, pale boriti inapoingia ukutani, chokaa ilikuwa imevimba, na chini yake jamvi limemwagikiwa vumbi laini jekundu. Akalisugua vidoleni.

Akaleta ngazi, akabandua chokaa kwa kisu. Nyuma yake akakuta nyuzi nyeupe kama pamba zimetambaa juu ya mawe. Akaichoma boriti. Lo! Kisu kilizama hadi mpini, bila hata mlio. Mti ule uliokuwa ukivunja misumeno ulimeguka vipande vya pembe nne kama halua, mkavu, mwepesi, hauna uzito wa mti. Akaigonga ya pili, ikaitika sauti ya kitu kitupu. Ya tatu, vilevile.

Na sababu aliijua. Msikiti ulipojengwa, miaka kumi na miwili nyuma, mwashi wake alikuwa Mzee Kombo, naye aliacha vitundu vya hewa kwenye ukuta, kila boriti na kitundu chake. Popo wakavipenda. Wakawa wanaingia na kuchafua majamvi, na Fundi Madi, kwa mapenzi yake ya tohara, akataka vitundu vizibwe. Mzee Kombo akakataa, akasema boriti zitakosa hewa, unyevu wa masika utabaki ukutani na mti utaoza. Basi Fundi Madi akasimama mbele ya watu baada ya swala, akasema, "Mwenzetu huyu anaona bora popo wapate hewa kuliko waja wapate tohara." Watu wakacheka. Vitundu vikazibwa, na tangu hapo hakuna aliyemwita tena Mzee Kombo kwenye kazi ya maana. Aliishia kuchoma chokaa nje ya mji, moshi machoni na mgongo umepinda.

Fundi Madi akaenda nyumbani, akakaa barazani bila kuvua viatu. Mkewe, Mwana Esha, akamtazama.

"Bwana, una nini? Uso umekushuka kama umetoka mazikoni."

Akamweleza yote. Mwana Esha akashika kifua. "Yarabi! Na watu wanapanda leo! Sasa umekaa hapa wafanya nini?"

"Nafikiri."

"Wafikiri nini tena, bwana wangu?"

Fundi Madi alinyanyuka, akaenda mbiombio mpaka kwenye tanuri la chokaa, jasho likimtiririka, akamwomba Mzee Kombo aje kutazama. Mzee alijipangusa mikono akamfuata. Akapanda ngazi taratibu, akanusa, akavuta uzi mmoja mweupe, akashuka.

"Huu ni uozo mkavu," akasema. "Hauli mti mmoja ukatosheka. Unatambaa ukutani kuutafuta mwingine. Kata boriti zote zilizoguswa, tena pima dhiraa nzima kwenye mti unaouona mzima, ukate na hapo. Choma moto vyote. Bandua chokaa mpaka kwenye jiwe, uuache ukuta ukauke. Ufungue vitundu. Na leo asipande mtu."

"Nami nitawaambia nini watu, Mzee Kombo?"

Mzee akajibu: "Waambie ni mchwa. Hakuna fundi anayelaumiwa kwa mchwa. Mimi sitafungua kinywa, wallahi. Mola mwenyewe ni Mwenye kusitiri."

Subhanallah! Aliyedhulumiwa ndiye aliyemnyooshea pazia aliyemdhulumu. Fundi Madi akalipima lile neno. Mchwa hujenga vijia vya udongo, na pale hapakuwa na udongo hata punje. Lakini nani mjini angekwenda kutazama? Neno moja tu, na jina lake libaki safi.

Jua likainama. Watu wakaanza kuja, kwanza mmoja mmoja, kisha makundi, wakielekea kwenye ngazi ya mawe. Fundi Madi akakimbilia mlango wa ngazi, akauziba kwa mikono yake miwili.

"Msipande! Nawaomba kwa jina la Mola, asipande mtu!"

"Fundi, mwezi utatupita!" mmoja akapiga kelele. Wa nyuma wakawa wanawasukuma wa mbele. Akahisi vifua vya watu viganjani mwake.

Imamu, Sharifu Aidarusi, akapenya mbele. "Kuna nini, Fundi?"

Fundi Madi akamwona Mzee Kombo ameegemea ukuta, ametazama chini. Neno "mchwa" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akalimeza.

"Boriti zimeoza, Sharifu. Tena si mchwa, ni mimi. Niliziba vitundu, nikaunyima mti hewa. Mzee Kombo alinionya, nami nikamfanyia mzaha mbele yenu, mkacheka. Alisema haki. Leo, mbele yenu nyinyi nyinyi, namwomba radhi."

Pakazuka manung'uniko. "Kumbe ndiye huyu Madi Mkweli!" mtu akasema, na wengine wakaguna. Mzee Kombo hakutamka neno la msamaha. Alikwenda akampa mkono, akamwambia kesho alfajiri alete msumeno.

Jioni ile mwezi ulitafutwa ufuoni, mawingu yakauficha, Shaabani ikatimia thelathini. Na dari haikuanguka. Nusu ya mji ikasema Fundi amechanganyikiwa, na mwenyewe akala maneno yao, akavumilia. Asubuhi walipoanza kuondoa mawe ya juu, boriti ya kwanza ilivunjika kabla haijaguswa na msumeno. Ya pili ikaifuata. Watu wakatazamana, hakuna aliyeguna. Ramadhani nzima waliswali uani, Mzee Kombo akiamrisha na Fundi Madi akibeba mawe.

Siku moja Sharifu alimwuliza, "Fundi, ulipokuwa juu ya ngazi, kisu kimezama, uliogopa nini?"

Fundi Madi akalia. "Jina langu, Sharifu. Mti umeoza juu ya kichwa changu, nami nimesimama chini yake muda wa kusoma Yasini nzima, nawaza watu watasema nini. Wale watoto wa mabegani sikuwakumbuka mpaka mke wangu aliponiuliza nafikiri nini."

Mwalimu wangu akifika hapa hunyamaza. Mimi sina subira yake, nasema wazi: huyo ndiye aliyeitwa mkweli, mtu wa swala na saumu, na hayo ndiyo yaliyompitia moyoni. Basi mimi na wewe je? Ewe Mola, tutie hofu ya kinachostahili kuogopwa, na utujaalie tuwatangulize wenzetu mbele ya majina yetu.